Uchambuzi wa kisa: kukatisha kutua Dodoma, wiki chache baada ya kumaliza mafunzo

Kisa na sababu ya kukiandika

Kisa hiki kinamhusu rubani msaidizi aliyekuwa amefaulu mtihani wake wa mwisho wa mafunzo wiki chache tu kabla, na kapteni mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 20, wakiwa katika safari ya abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Hakuna aliyeumia, ndege haikupata mkwaruzo, na abiria walishuka wakilalamikia kuchelewa tu. Kwa kuwa hapakuwa na hasara ya kugombania, wote wawili walikubali kueleza kwa kina kile walichokiona, walichokifikiri na walichonyamaza bila kukisema, na maelezo ya namna hiyo ni nadra kuyapata baada ya ajali.

Jina la kampuni, aina kamili ya ndege, tarehe na kila kinachoweza kuwatambulisha wahusika nimeviondoa. Uwanja nimeuacha kwa jina lake, kwa sababu bila mwinuko wa Dodoma, joto lake na upepo wake, kisa chenyewe hakieleweki.

Usuli

Rubani msaidizi alipata leseni ya biashara akiwa na saa za kuruka zipatazo 200 na ushei, nyingi zikiwa za ndege ndogo za injini moja. Baada ya kuajiriwa alipelekwa nje ya nchi kujifunza aina ya ndege ya kampuni, ambayo ni ya pangaboi yenye injini mbili, kwa kutumia simuleta (mashine inayoiga urukaji). Aliporudi alifanya safari kadhaa za abiria akiwa na kapteni mkufunzi, kisha akapimwa na kufaulu. Kuanzia hapo alipangwa na kapteni yeyote aliyekuwa zamu. Alikuwa bado katika kipindi cha majaribio ya ajira, na alikuwa amesaini mkataba wa kuilipa kampuni gharama za mafunzo iwapo angeondoka mapema. Jambo hilo la mwisho linaweza kuonekana halihusiani na urukaji, lakini yeye mwenyewe alilitaja mara mbili katika maelezo yake, kwa hiyo naliacha lilivyo.

Kapteni alianza kazi kwenye ndege ndogo zinazotua katika viwanja vya udongo vya mbugani, ambako rubani husoma upepo kwa kutazama vumbi na majani. Ni mtu mpole. Wakufunzi wengi wanapozungumzia marubani wapya kushindwa kusema, humfikiria kapteni mkali anayefoka. Huyu hakufoka. Walipokutana asubuhi ile, rubani msaidizi alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaulizwa habari za nyumbani, kisha akaambiwa, “Leo ya kwenda utarusha wewe, mwanangu. Dodoma uijue mapema.” Ilikuwa heshima aliyopewa, naye aliipokea hivyo.

Kuhusu uwanja: Dodoma ipo zaidi ya futi 3,600 kutoka usawa wa bahari, yaani takriban mita 1,100. Njia ya kurukia imelala mashariki na magharibi, upande mmoja ukiitwa 09 na wa pili 27. Ndege inayotoka Dar es Salaam inatokea mashariki, hivyo ikitaka kutua moja kwa moja bila kuzunguka itatumia 27. Tatizo ni kwamba upepo wa kanda ya kati, hasa miezi ya kiangazi kuanzia Juni hadi Oktoba, kwa sehemu kubwa unavuma kutoka mashariki. Njia iliyo fupi zaidi kwa anayetoka pwani ndiyo inayomweka upepo mgongoni.

Mfululizo wa matukio

Ilikuwa alasiri ya kiangazi, mkutano wa Bunge ukiendelea, na ndege ilikuwa imejaa. Walikuwa wameondoka Dar es Salaam wakiwa wamechelewa kwa takriban dakika 40 kutokana na kazi ndogo ya mafundi, na ndege hiyohiyo ilisubiriwa na abiria wa kurudi.

Wakiwa angani kwenye kimo cha futi 18,000, rubani msaidizi alitoa maelezo ya maandalizi ya kutua. Alipanga kutua 09: kupita kaskazini ya uwanja, kuzunguka, na kutua wakiukabili upepo. Kapteni alisikiliza hadi mwisho, kisha mnara wa kuongozea ndege wa Dodoma ulipotoa upepo wa nyuzi 100, yaani unaotoka mashariki, kwa noti 7 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), akasema, “Noti saba ziko ndani ya kikomo. Tuingie moja kwa moja 27, tuokoe muda.” Kikomo cha kampuni kwa upepo wa nyuma kilikuwa noti 10, kwa hiyo pendekezo lilikuwa halali. Rubani msaidizi akakubali. Mpango ukabadilika, lakini maelezo ya maandalizi hayakurudiwa. Hakuna aliyesema watafanya nini upepo ukizidi noti 10, wala kufikia kimo gani ndege iwe imetulia, yaani mwendo na mteremko wake viwe sawa na iwe tayari kutua.

Kisha waongoza ndege wakawataka wabaki kwenye kimo chao kwa dakika 2 kwa sababu ya ndege nyingine iliyokuwa ikipanda kutoka Dodoma. Naomba msomaji mgeni katika kazi hii afanye hesabu pamoja nami hapa. Kasi yao juu ya ardhi, wakisukumwa na upepo wa mashariki, ilikuwa karibu noti 300, yaani maili 5 kwa dakika. Dakika 2 ni maili 10. Kwa mteremko wa kawaida wa futi 300 kwa kila maili, walikuwa futi 3,000 juu zaidi ya pale walipotakiwa kuwa, kabla hata hawajaanza kushuka. Wangekuwa wanakwenda 09, maili za kuzunguka uwanja zingetosha kumaliza ziada hiyo. Kwa 27 hapakuwa na maili za akiba.

Kapteni alishauri magurudumu yashushwe mapema ili yaongeze ukinzani wa hewa, ushauri mzuri uliosaidia kiasi. Ndege ilishuka kwa kasi kubwa ikitikiswa na hewa ya joto iliyokuwa ikipanda kutoka kwenye ardhi kavu, na upande wa kusini wa njia ya kurukia rubani msaidizi aliona kisulisuli chembamba cha vumbi jekundu kikitembea.

Walipopita futi 1,000 juu ya uwanja, flapsi za kutua (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoiwezesha ndege kuruka taratibu) zilikuwa ndiyo kwanza zinashuka, mwendo ulikuwa umezidi kwa noti zaidi ya 20, na ndege ilikuwa ikiteremka kwa karibu futi 1,400 kwa dakika. Rubani msaidizi alisema, “Kapteni, upepo naona bado uko nyuma yetu.” Kapteni akajibu, “Utapungua chini. Endelea.”

Walipopita futi 500, utaratibu ulimtaka kapteni, ambaye hakuwa anarusha, atamke kama ndege imetulia au haijatulia. Hakutamka. Wakati huohuo mnara ukatoa upepo mpya: nyuzi 100, noti 13. Kapteni alijibu mnara kwamba wamesikia. Zikapita sekunde chache ambazo rubani msaidizi anazieleza kuwa alikuwa akimsubiri kapteni aseme neno. Kisha akatamka amri ya kukatisha kutua, akasukuma vishikio vya nguvu za injini mbele na kuinua pua. Kinasa taarifa kilionyesha kwamba hilo lilifanyika futi 320 juu ya uwanja.

Kapteni alifanya sehemu yake papo hapo na bila ubishi: flapsi hatua moja, kisha magurudumu baada ya kuhakikisha ndege inapanda. Ndege ilipanda haraka kuliko rubani msaidizi alivyotarajia, akapitiliza kimo walichopangiwa kwa futi zipatazo 300 kabla kapteni hajamwambia “Kimo!” naye akarekebisha. Hapakuwa na ndege nyingine karibu. Walizunguka, wakatua 09 kwa utulivu. Nyongeza yote ya muda haikufika robo saa.

Maamuzi na sababu zake

Kapteni alichagua 27 kwa sababu upepo uliotolewa ulikuwa ndani ya kikomo na muda ulikuwa umebana. Baadaye alieleza kwamba amewahi kutua hivyo mara nyingi, na kwamba akilini mwake noti 7 zilibaki noti 7 hata baada ya mnara kutaja 13. Namba ya kwanza ndiyo aliyofanyia uamuzi, na ya pili ilimpitia kama mazungumzo ya kawaida ya redio. Ninamwamini. Hivi ndivyo akili ya mtu mwenye uzoefu inavyofanya kazi pale ambapo mambo yamekwenda vizuri mara nyingi mno.

Rubani msaidizi alikubali kubadili mpango kwa sababu tatu alizozitaja yeye mwenyewe: pendekezo lilikuwa halali kwa mujibu wa kitabu, kapteni alikuwa amemfanyia wema kwa kumpa safari arushe, na hakutaka kuonekana mwoga katika uwanja ambao kila mtu anauona mwepesi. Alichelewa kukatisha kwa sababu alidhani tayari amekwisha kusema. Na alikatisha, anasema, kwa kuwa namba 13 haikumwachia nafasi ya kujadiliana na nafsi yake: kikomo ni 10.

Waliposimama Dodoma, abiria wakishuka, wawili hao walizungumza kwa dakika chache wakiwa bado kwenye viti vyao. Kwa mujibu wa wote wawili, kapteni alianza: “Umefanya sawa kukatisha, mwanangu, lakini ungeniambia mapema.” Rubani msaidizi akajibu, “Nilisema, Kapteni.” Kapteni akafikiri kidogo, akasema, “Ulisema upepo uko nyuma. Nilisikia unanipa taarifa. Sikusikia kwamba unataka tusitue.”

Matokeo

Rubani msaidizi aliandika ripoti ya tukio jioni ileile, na kapteni akaongeza maelezo yake katika ripoti hiyohiyo. Kampuni haikumwadhibu yeyote. Rubani msaidizi alirudishwa kwa kapteni mkufunzi kwa safari mbili, jambo ambalo mwanzoni alilichukulia kama aibu, ingawa baadaye alisema alilihitaji. Malalamiko ya abiria yalijibiwa kwa maelezo kwamba ndege ilizunguka kwa sababu ya upepo, maelezo ambayo ni ya kweli na yanatosha.

Uchambuzi

Naanza na hewa ya Dodoma, maana hapo ndipo mafunzo ya simuleta yalipopwaya. Alasiri ya nyuzijoto 32, hewa ya Dodoma huwa nyepesi kama ya mahali penye mwinuko wa zaidi ya futi 6,000. Kipima mwendo kikisoma noti 115, ndege kwa kweli inaikata hewa kwa karibu noti 127. Ongeza noti 13 za upepo wa nyuma na unapata noti 140 juu ya ardhi. Rubani huyohuyo akitua Dar es Salaam dhidi ya upepo wa bahari wa noti 10, akisoma noti 115 zilezile, mwendo wake juu ya ardhi haufiki noti 110. Ili kubaki kwenye mteremko uleule, Dar es Salaam atahitaji kuteremka chini ya futi 600 kwa dakika. Dodoma, katika hali ile, zaidi ya 700. Nguvu ya mwendo ambayo breki na panga zinapaswa kuimaliza baada ya magurudumu kugusa inakuwa kubwa kwa karibu theluthi mbili. Kipima mwendo hakimwonyeshi hayo. Macho yake na namba ya mwendo juu ya ardhi ndiyo vinavyomwonyesha, iwapo amejizoeza kuvitazama. Rubani aliyepata hisia zake za kutua pwani atahisi Dodoma kwamba kila kitu kinamjia haraka, atadhani ni ugeni wake tu, na atajilazimisha kutulia wakati ndege yenyewe haijatulia. Rubani msaidizi alieleza hali hiyo karibu kwa maneno hayo.

Hivyo, kabla ya kuanza kushuka, ni vyema rubani mpya ajue namba mbili za uwanja anaokwenda: mwendo juu ya ardhi anaoutarajia katika hatua ya mwisho, na kasi ya kuteremka inayolingana nao. Akiona namba kubwa kuliko hizo, ana ushahidi mkononi na hahitaji kuzihoji hisia zake.

Kuhusu mpango uliobadilika, naona ndilo kosa kubwa la siku ile, nalo ni la wote wawili. Kubadili njia ya kurukia ni jambo la kila siku. Lakini mpango wa 09 ulikuwa na maili za akiba na upepo wa mbele. Mpango wa 27 ulikuwa na sharti, yaani “ikiwa upepo hautazidi 10”, na sharti hilo halikutamkwa. Lingetamkwa, lingechukua sekunde zisizozidi 15: tunatua 27 mradi upepo haujazidi noti 10, ukizidi, au kufika futi 500 kabla hatujatulia, tunakatisha na kwenda 09. Baada ya maneno hayo, yule anayekatisha anatekeleza kile walichokubaliana wote. Bila maneno hayo, anakuwa kijana anayempinga mkubwa wake mbele ya kioo cha ndege, sekunde chache kabla ya kugusa ardhi.

Hapa ndipo penye uzito kwa marubani wetu, na sipendi kupita haraka. Tumelelewa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii mkubwa “umekosea”. Humdokezea, humwacha agundue mwenyewe, humwachia njia ya kutoka bila kuaibika. Ni adabu njema, na simshauri rubani yeyote aiache. Lakini dokezo linahitaji muda ili limfikie mtu, na futi 1,000 juu ya ardhi, ndege ikiteremka futi 1,400 kwa dakika, muda uliobaki haufiki dakika moja. “Upepo naona bado uko nyuma yetu” ni sentensi ya adabu iliyosemwa mahali ambapo adabu ya namna hiyo haina nafasi ya kufanya kazi yake. Heshima kwa kapteni inapata mahali pake chini, wakati wa maandalizi, pale kijana anapouliza: “Kapteni, naomba tukubaliane nitasema nini nikiona hatujatulia.” Sijawahi kukutana na kapteni mzuri aliyechukizwa na swali hilo.

Historia ya eneo letu ina mfano mchungu. Tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Boeing 737-800 iliyoruka usiku kutoka Douala, Kamerun, kuelekea Nairobi, ilianguka muda mfupi baada ya kupaa na watu wote 114 waliokuwamo wakafariki. Uchunguzi ulieleza kwamba ndege iliinama upande polepole gizani bila vipimo kufuatiliwa, rubani akapoteza mwelekeo, na kukosekana kwa uratibu kati ya marubani wawili kulichangia. Mazingira ni tofauti kabisa na alasiri ya Dodoma. Nalitaja kwa sababu katika chumba kile cha marubani walikuwamo watu wawili, na usalama ulitegemea kila mmoja kuwa macho na sauti ya mwenzake.

Kwa upande wa kapteni, kutotamka neno lolote kwenye futi 500 kulimnyima kijana ishara aliyokuwa akiisubiri. Asiyerusha ndiye mwenye jukumu la kutamka hali ya ndege, hata kama jibu linamlazimu kuvunja pendekezo lake mwenyewe. Lakini namsifu kwa jambo moja ambalo wachambuzi husahau: amri ya kukatisha ilipotolewa, mikono yake ilifanya kazi bila kusita na mdomo wake haukuuliza kwa nini. Kapteni angesema “ngoja” wakati ule, kisa hiki kingekuwa cha aina nyingine.

Kuhusu kupitiliza kimo, sababu yake inaeleweka. Katika simuleta, rubani huyu alifanya mazoezi mengi ya kukatisha kutua, karibu yote injini moja ikiwa imezimwa, kwa kuwa ndivyo mitihani ilivyo. Ndege iliyobaki na injini moja hupanda taratibu na humpa rubani muda wa kupumua kati ya hatua na hatua. Siku ile injini zote mbili zilikuwa nzima na mafuta mengi yalikwisha tumika, hivyo hatua zilimrundikia: kuinua pua, flapsi, magurudumu, kimo, kupunguza nguvu, yote ndani ya muda ambao mwilini mwake ulikuwa wa hatua mbili tu. Wakufunzi wanaweza kurekebisha hili kwa urahisi, kwa kuweka angalau zoezi moja la kukatisha kutua injini zote zikiwa nzima, bila kumtahadharisha mwanafunzi, na kimo cha kusimama kikiwa karibu.

Limebaki suala la ripoti. Rubani msaidizi alikiri kwamba alikaa na simu mkononi kwa muda kabla ya kuanza kuandika, akiwaza kipindi cha majaribio na deni la mafunzo. Kilichomsukuma ni kapteni aliyempigia na kumwambia, “Andika, na mimi nitaweka maelezo yangu chini ya yako.” Kinasa taarifa kingeonyesha futi 320 vyovyote vile, na takwimu peke yake zingesomwa kama uzembe wa kijana. Maelezo ya wote wawili ndiyo yaliyoifanya idara ya usalama ione mpango uliobadilishwa bila kurudiwa, na ndiyo yaliyosababisha kampuni ibadili utaratibu wake, kiasi kwamba sasa kila njia ya kurukia inapobadilishwa baada ya maelezo ya maandalizi, kikomo cha upepo na kimo cha kukatisha vinatamkwa upya, navyo anavitamka rubani msaidizi.